"Port": neno moja, koo tatu za Kilatini

Anayejaza hati ya shehena ya korosho hukutana na neno "port" mara mbili kwenye karatasi moja. Akienda kwa fundi simu, anaambiwa port ya simu yake imekufa. Sura ni ile ile, ila asili ni mbalimbali, na ukiijua asili hutatafsiri ovyo.

Ukoo wa kwanza ni portus, yaani bandari. Bandari ya Mtwara yenyewe ilijengwa na Waingereza wakati wa mpango wao wa karanga mwishoni mwa miaka ya 1940, kwa kuwa ghuba ina kina kirefu. Kwenye hati, "port of loading" ni pale mzigo unapopakiwa melini. Korosho ikitoka ghala la Masasi kwa lori, hapo panaandikwa Mtwara. Masasi ina nafasi yake, ya mahali mzigo ulipopokelewa, tena iwapo tu msafirishaji aliyetoa hati ndiye aliyeupokea huko. "Port of discharge" ni bandari ya kushushia, si mji wa mnunuzi, ambaye huenda anakaa bara kabisa. Majina yakipishana na masharti ya malipo, benki inairudisha hati na pesa inachelewa.

"Opportunity" nalo ni la ukoo huu. Warumi waliita opportunus kile kinachokwenda kuelekea bandarini, hasa upepo mzuri. Nahodha wa Mikindani anayengojea kusi au kaskazi angeielewa maana hiyo bila kamusi.

Kinachowachanganya wengi ni port ya ubavuni. Ni upande wa kushoto wa chombo ukiwa umeelekea omo, yaani mbele, na haubadiliki hata ukigeuka kutazama tezi, yaani nyuma. Usiufananishe na goshini (upande upepo unakotoka) na demani (unakoelekea) za jahazi, maana hizo hufuata upepo. Zamani kasia la usukani lilifungwa kulia, hivyo chombo kiliegeshwa gatini kwa ubavu wa kushoto ili usukani usipondeke. Waingereza waliuita upande huo larboard, wa kupakilia, na wa kulia starboard, wa usukani. Katikati ya dhoruba maneno hayo mawili yalisikika kama moja, ndipo mwaka 1844 jeshi lao la majini likaamuru itumike "port". Asomaye taarifa za zamani za ajali awe macho: hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930, amri ya "port" kwa msukani wa Kiingereza ilimaanisha mkono wa usukani uende kushoto, na meli hugeuka kulia.

Taa ya ubavu huo ni nyekundu, ya kulia ni kijani. Mvuvi wa Msangamkuu akiona usiku nyekundu peke yake, meli inaelekea kushoto kwake. Akiziona zote mbili pamoja, inamjia moja kwa moja, apishe mapema.

Ukoo wa pili ni porta, mlango. Humo mna porthole, dirisha la duara la meli, na ndiko inakotoka maana ya tundu la kuchomekea waya. Port za mtandao ni namba tu, kuanzia 0 hadi 65535. Tovuti salama kwa kawaida hupita 443. Wa tatu ni portare, kubeba: import, export, transport. Hata kuhamishia programu kwenye mfumo mwingine huitwa "to port". Mvinyo wa port hauhusiki na kubeba; umepewa jina la mji wa Porto, Ureno.

Na hiyo ya simu? Hewa ya chumvi ya pwani huila kwa kutu, na vumbi la mfukoni hujishindilia ndani mpaka waya hauingii wote. Zima simu, chokonoa taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao. Usitumie pini: tundu la USB-C lina hadi vijiti 24 vya shaba vilivyobanana, na chuma kikigusa viwili pamoja kinaweza kuunguza saketi. Ukiona ukoga wa kijani, ni kutu; mpelekee fundi asafishe kwa spiriti kabla hujakubali kubadilishiwa tundu.