Jioni Mama Mdogo Hakupatikana

Jumatatu ile, 4 Oktoba 2021, maharagwe ya mama mdogo yalikuwa yameshapakiwa kwenye boti bandarini Goma, nami nimesimama kando nikipiga picha. Ndivyo tulivyofanya biashara: mimi nanunua Goma, yeye anauza soko la Kadutu, Bukavu, na katikati yetu Ziwa Kivu. Napiga picha magunia yenye alama yake nyekundu, karatasi ya mizigo na jina la boti, namrushia kwa WhatsApp. Alfajiri yeye anatuma wabebaji wake moja kwa moja kwenye boti yenyewe. Asipojua boti, gunia la mtu hupata mwenyewe mwingine kabla jua halijachomoza.

Picha hazikuondoka. Pembeni ya kila moja kiliganda kile kisaa kidogo cha kijivu. Nikazima simu, nikaiwasha. Kisaa kilekile. Nikaenda kwa kijana wa unite, muuza vocha za simu, chini ya parasoli lake ninunue mega, nikakuta watu wamejazana, kila mmoja akiamini forfeti yake, kifurushi cha intaneti, imekwisha. Kijana anauza tu. Simlaumu, yake pia ilikuwa imegoma, naye alidhani ni simu yake.

“Wamekata,” akasema mmoja, na hakuna aliyeuliza ni nani. Kivu Kaskazini, mkoa wetu, ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei, na hakuna aliyesahau 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ya Kongo ilipozima intaneti nchi nzima kwa karibu wiki tatu. Lakini mbebaji mmoja alikuwa ameketi juu ya mzigo anaangalia mpira YouTube bila shida yoyote. “Serikali gani hiyo,” akauliza, “inakata maneno inaacha magoli?”

Basi nikanunua unite za kupigia, kitu nilichokuwa nimekiacha zamani, nikampigia mama mdogo. Sauti ya yule mama wa mashine: nambari haipatikani. Na kweli haikupatikana. Laini ile ilikufa siku nyingi, ila WhatsApp yake ilibaki juu ya nambari ya marehemu, inafanya kazi vizuri kabisa, nasi tukaendelea kuongea kila siku. Laini za kupigia alibadilisha kufuata bei ya forfeti.

Nikafungua grupu la familia nitafute mtu mwingine wa Bukavu. Grupu hilo lilizaliwa volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei, tulipotawanyika, wengine Sake, wengine Gisenyi. Nambari nyingi humo zilikuwa za laini za Rwanda zilizonunuliwa safarini. Nilizipiga zile za Bukavu; moja ikaita mpaka ikachoka. Minara ilikuwa imesimama, simu zote za bandarini zilikuwa zinaita. Nilikuwa na unite na mtandao, sina wa kumpigia.

Baadaye Facebook, kampuni yenye WhatsApp, ilieleza. Mafundi wake walikuwa katika matengenezo ya kawaida, ikatolewa amri iliyokata njia kuu zinazounganisha vituo vyake vya kompyuta duniani kote; programu ya kuzuia amri mbaya kama hiyo nayo ilikuwa na kasoro. Facebook, Instagram, WhatsApp, vyote chini kwa pamoja, kwa takriban saa sita. Mafundi walilazimika kwenda wenyewe hadi kwenye vituo, na ulinzi wa vituo hivyo ukawachelewesha kufika kwenye mashine. Mwenye Telegram, Pavel Durov, alisema alipata watumiaji wapya zaidi ya milioni 70 siku ile. Mdogo wangu alikuwa mmoja wao. Alikaa humo peke yake usiku kucha, hana hata wa kumsalimia.

Aliyeniokoa ni karani wa mizigo, mzee mwenye daftari lililovaa plastiki. Alilamba kidole, akafunua kurasa zilizoiva kwa mafuta ya mikono, akashuka na ukucha hadi kwenye jina la mkuu wa wabebaji wa bandari ya Bukavu. Nambari mbili zilikuwa zimefutwa kwa kalamu nyekundu, ya tatu juu yake. Ikaita, ikapokelewa. Nikataja boti, alama nyekundu, jina la mama. “Mama wa Kadutu? Namjua, nitamtumia mtoto.” Yote kwa unite chache. Nilimpa mzee hela ya soda.

Picha zangu ziliondoka karibu na saa sita usiku, zote kwa mkupuo. Asubuhi mama mdogo akanitumia vokali ndefu, ujumbe wa sauti, kwa WhatsApp bila shaka: mizigo imefika, gunia moja halionekani, na nimweleze vizuri hesabu yangu. Nilimjibu kwamba kwenye picha yote yapo, ahesabu, kisha nikamwomba nambari yake mpya ya kupigia. Akasema nisiwe na wasiwasi, ataniandikia papa hapa WhatsApp, akarudi kwenye gunia lake.