Saa Tisa na Nusu Usiku, Watoto Begani

Kumvisha mtoto wa miaka mitatu aliyelala fofofo ni kazi ya watu wawili. Mimi nilihangaika na soksi, baba yao akashikilia kichwa kisining'inie. Nguo za kulalia hatukuwavua. Tuliwavisha masweta juu yake tukawabeba hadi garini kama magunia. Dada mtu, mwenye miaka saba, alifumbua jicho moja akauliza kama maputo yameshaondoka. Nikamwambia hata hayajaamka.

Tulifika uwanjani giza likiwa bado totoro. Hapo nikagundua kosa langu la kwanza: viatu. Maputo ya hewa moto hurushwa kwenye uwanja wa nyasi, na nyasi za alfajiri zina umande wa kuchota kwa kikombe. Hata dakika kumi hazikupita, soksi za mdogo zilikuwa chapachapa na yeye ameanza wimbo wake wa kutaka kurudi kitandani.

Kosa la pili lilikuwa kuwaahidi. Upepo ulivuma kidogo tu, wa kupunga, mimi nikauona mzuri kabisa. Kumbe puto halina usukani. Rubani ana uwezo wa kupanda na kushuka basi. Akitaka kubadili njia inabidi atafute tabaka jingine la upepo linaloelekea kwingine, na wakati wa kutua kapu huja chini na kasi ya upepo uliopo. Ndiyo maana huruka alfajiri, kabla jua halijapasha ardhi na hewa kuanza kuchafuka. Sisi tulisubiri mpaka jua likachomoza, kisha kipaza sauti kikatangaza kwamba leo hakuna kuruka.

Basi ikawa vilio. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nasimulia juu ya wale ndugu wawili wa Ufaransa, Montgolfier, ambao Septemba 1783 walimpandisha kondoo, bata na jogoo kwenye puto lao huko Versailles, mfalme akitazama. Kondoo alidhaniwa kuwa na mwili unaokaribiana na wetu. Bata kuruka juu ni kawaida yake. Jogoo ni ndege lakini wa chini chini. Walikaa angani dakika 8 hivi wakatua wazima. Watu walifuata Novemba mwaka huohuo.

"Kondoo aliulizwa lakini?" akasema dada mtu. Baba yao akacheka mpaka akapunguza mwendo.

Alfajiri ya pili tulikwenda na mabuti ya mvua, na sikuahidi mtu kitu. Hewa ilikuwa imetulia tuli. Puto la karibu yetu lilikuwa limelazwa chini kama shuka la jitu, kapu limelala ubavu, na feni kubwa ikisukuma hewa baridi ndani. Watu wawili walishika mdomo wa kitambaa ukae wazi. Dada mtu alichungulia akasema ndani kuna ukumbi wa harusi, na kweli, mwanga ulipenya kitambaani ukawa mwekundu na wa manjano mpaka kwenye nyuso zetu.

Halafu rubani akawasha moto.

Picha zote nilizowahi kuona hazina sauti, kwa hiyo sikujiandaa. Ule mwali wa gesi hunguruma kama simba aliyekanyagwa. Mdogo alinirukia shingoni, akafumba macho, akabaki hivyo huku puto likiinuka taratibu, likisimamisha kapu, hewa ya ndani ikifikia nyuzi joto 100 hivi. Likaondoka. Likafuatwa na jingine, na jingine, mpaka nikaacha kuhesabu. Baba yao alikuwa ameduwaa mdomo wazi. Mwanangu, niliyemwamsha usiku mara mbili kwa ajili ya jambo hili, aliliona bega langu.

"Sasa watarudije?" dada mtu akauliza.

Jibu tulilikuta njiani. Puto moja lilikuwa limetua kwenye shamba lililokwisha vunwa, gari lao lililokuwa likilifuata kwa chini limeshafika. Tukasimama. Moto ulikuwa umezimwa, na hilo tu ndilo mdogo alilotaka kujua. Rubani akasema anahitaji watu wazito wa kukamua hewa kitambaani kabla ya kukikunja, akawaangalia wanangu kana kwamba ndio aliokuwa akiwasubiri.

Walivua mabuti. Dada mtu alijibingirisha kutoka mwisho mmoja hadi mwingine akipiga kelele. Mdogo alitambaa polepole mpaka katikati, akalala kifudifudi, akaweka shavu kwenye kitambaa ambacho bado kilikuwa na vuguvugu. Kila dada yake alipopita, kitambaa kiliinuka kidogo chini yake kikashuka.

"Mama, njoo," aliita kwa kunong'ona. "Linapumua."

Walikunja pande zote, wakamwachia ile sehemu yake mpaka mwisho.