Migongo Mpaka Kigoma

Ukifungua kompyuta yangu utakuta Kariakoo nzima imenipa mgongo. Wabeba mizigo, mama lishe, wauza mitumba, wote nimewapiga picha kwa nyuma. Wachache walioonyesha uso niliwapata kwa mbali, kwa lenzi ndefu, nikiwa nimejibanza kwenye nguzo. Wanaoniona barabarani na kamera shingoni hudhani najiamini sana. Kwa majengo, ndiyo. Jengo haliulizi, "Wewe, unanipiga picha ya nini?"

Nilipofunga safari ya Kigoma, lenzi ndefu niliiacha nyumbani makusudi. Nikabeba moja tu, ya milimita 35, ambayo haimfai mwoga: ukitaka uso ujae kwenye fremu, sharti umsogelee mtu mpaka usikie anachotafuna. Nikatia begini na printa ndogo ya betri, ile inayotoa vipicha vya kuenea mfuko wa shati.

Dar mpaka Dodoma nilipanda treni ya umeme ya SGR, ambayo ilianza kufikisha abiria Dodoma mwaka 2024. Sifa zake zote nazikubali, ila kwa mpiga picha za watu haina kazi. Dirisha halifunguki, kila abiria kainamia simu yake, na kabla hujamjua jirani yako mmeshafika. Kwangu mimi safari ilianza Dodoma, nilipohamia treni ya zamani ya Reli ya Kati, njia ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar mwaka 1905 wakaifikisha Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika, 1914. Huko dirisha linafunguka, vumbi linaingia, na kila stesheni ni gulio.

Saranda tulifika mchana. Treni haijatulia vizuri, mabeseni yamekwisha jipanga chini ya madirisha: kuku, mayai, ndizi, maji ya chupa. Nikashuka. Mbele yangu alikuwapo mama wa makamo na beseni la kuku kichwani. Nikainua kamera, naye akainua kiganja akaziba uso.

"Nunua kwanza."

Nikanunua paja. Akapokea hela, akaihesabu, akaifundika kwenye pindo la khanga.

"Sasa mama, naruhusiwa?"

"Subiri."

Akamkabidhi mwenzake beseni. Akafungua kilemba, akakifunga upya, akajifuta jasho la mdomoni, kisha akasimama wima, mikono ubavuni, macho makavu yamenikazia mimi. Mkao wa picha ya kitambulisho kabisa. Nikapiga, huku moyoni nasikitika kwamba picha imekwisha haribika.

Sisi tunaopiga picha za mitaani tuna imani moja ambayo ni kama dini: kwamba picha ya kweli ni ile ambayo mwenyewe hajui kama anapigwa. Nimeisoma mahali pengi, nimeihubiri pia. Lakini kutoka Saranda kuelekea Itigi nilikuwa na muda wa kutosha kuitazama ile picha kwenye kioo cha kamera, na kila nilivyoitazama ndivyo imani ilivyolegea. Yule mama alikuwa ameamua mwenyewe aonekane vipi. Beseni la kuku hakulitaka kwenye picha, kilemba alikitaka kikae sawa. Ndivyo walivyosimama bibi zetu studio, pembeni ya meza yenye redio na maua ya plastiki, bila kucheka, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba picha zile ni za uongo.

Tena kulikuwa na jambo jingine. Nilipokwisha bonyeza, yeye alihesabu kazi imeisha. Akatwika beseni lake, akaanza kubishana chenji na abiria wa daraja la tatu, na mimi na kamera yangu hatukumhusu tena. Nilikuwa umbali wa mkono mmoja. Nikampiga akibisha, akicheka, akinyoosha kidole cha "usinichezee". Kamera yangu haikuwahi kuwa na uso wa mtu aliye kazini kwa ukaribu ule. Kwa hiyo nikaufanya ndio utaratibu wa safari: salamu, biashara kama ipo, picha anayoitaka yeye, halafu sibanduki.

Tabora treni hukaa muda mrefu, kwa sababu hapo mabehewa huachanishwa, ya Mwanza yaende kaskazini na mengine yaendelee magharibi. Ilikuwa usiku. Kwenye injini na mitambo sikuelekeza kamera. Stesheni, bandari, madaraja na kambi si mahali pa kujifanya mjuaji. Nilikaa upande wa wauza asali. Kijana mmoja aliyekuwa na chupa za asali kwenye boksi nilimpiga, nikamtolea nakala palepale. Aliipuliza ikauke, ingawa ilikuwa kavu, akaikimbiza kwa wenzake. Dakika ile ile foleni ikaanza.

"Mpiga picha, na mimi!"

"Bei gani?"

"Nipige na huyu, huyu ni mchumba wangu." Binti akakataa kwa kelele kwamba si mchumba wake, na akasogea kupigwa.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba uoga umeondoka bila kuaga. Kwetu mpiga picha ni fundi, anajulikana kama fundi cherehani anavyojulikana. Yupo wa harusi, yupo wa ubarikio, yupo wa ufukweni sikukuu ya Idi. Huyo hamtishi mtu, maana kila mmoja anajua anachokitoa na anachokipata. Anayetia shaka ni yule anayepiga kwa kuibia, akakagua alichopiga, akaondoka. Kariakoo nilikuwa huyo.

Uvinza tuliipita alfajiri, watu wakinunua chumvi madirishani. Kisha Kigoma, ambako reli inaishia mjini karibu kabisa na maji.

Ziwa lile lina hadithi yake katika upigaji picha. Kuna picha ya Mhungaria Martin Munkácsi, ya karibu mwaka 1930, ya wavulana watatu Waafrika wakikimbilia kwenye mawimbi. Kijana Mfaransa, Henri Cartier-Bresson, aliiona, na baadaye akasema ndiyo cheche iliyomwashia moto wa kupiga picha. Akaja kuwa jina kubwa kuliko yote katika picha za mitaani. Kwa miaka mingi picha ile imetajwa kuwa ya Ziwa Tanganyika, ingawa wapo wanaoshikilia kwamba ilipigwa Liberia. Ni picha nzuri ajabu. Ila wote watatu wametupa mgongo, na majina yao hayakuandikwa popote. Nikajisemea, hata bwana Munkácsi!

Asubuhi iliyofuata nikaenda mwalo wa Kibirizi. Wavuvi walikuwa wamerudi na dagaa wa usiku, wanawake wanawaanika mchangani na kwenye chanja, harufu imetanda mpaka barabarani. Wazee kadhaa walikuwa wameketi kwenye ubavu wa mtumbwi uliopinduliwa. Nikaanza na mkubwa wao.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Dar es Salaam."

"Ofisi gani?"

"Sina ofisi mzee, napiga picha tu."

Akanitazama kamera, akanitazama viatu. "Walikuja wenzako na hizo hizo. Wakatupiga, wakaandika majina, wakasema mradi unakuja. Mradi uko wapi?"

"Mimi sina mradi, mzee."

"Basi na mimi sina picha."

Mtumbwi mzima ulicheka, nami nikacheka. Hilo ndilo jibu nililokuwa nikilikwepa miaka yote Kariakoo, na lilikuwa na uzito wa maneno matano. Nikaning'iniza kamera begani, nikakaa. Tukaongea habari za mbalamwezi, kwamba mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazivuti dagaa, watu hupumzika. Mzee sikumpiga, si wakati ule wala baadaye kwa kuibia. Nadhani ndicho kilichonifungulia mwalo, kwani waliokuwa pembeni walisikia amekataa na wakaona imeishia hapo. Jirani yake ndiye aliyeniita: "Njoo basi unipige mimi nisiye na mradi."

Watoto walikuwa wanaruka majini. Nikamuuliza mama aliyekuwa akigeuza dagaa kama ni wake.

"Huyo mrefu ni wangu. Wengine waulize mama zao."

Nikauliza mama zao. Kwa watoto sina mjadala, mama au baba asiposema ndiyo, kamera inashuka. Wale watoto walikimbilia maji kweli, ila kila hatua mbili wanageuka kutazama kama bado nawapiga. Mgongo hata mmoja sikupata.

Yule mama naye akataka yake, ya kumtumia kijana wake mkubwa aliyeko Dar. Akafuata kitenge kingine ndani, akarudi, akasimama mbele ya chanja kwa mkao ninaoujua sasa. Baada ya hapo akarudi kazini nami nikabaki, mpaka nikampata ameinama, jua limempiga ubavuni, dagaa wanang'aa mkononi wakimwagika. Kwangu hiyo ndiyo picha ya safari nzima. Nilipofika nyumbani nikamtumia zote mbili kwa WhatsApp, na ya pili nikaitanguliza maneno ya kuisifia.

Akajibu kwa sauti: "Mwanangu, asante sana, Mungu akubariki. Ya kwanza ndiyo picha, nimemtumia kaka yako. Hiyo nyingine nimeinama, wanaonekana dagaa tu. Hiyo wapelekee watu wa mradi."