Nilivyofuatilia asili ya Datsun 240Z "iliyokimbia Safari"

Gari, Datsun 240Z, lilifika na madai matatu: lilikuwa la timu ya kiwanda, lilikimbia mbio za Safari Rally za 1973, na makaratasi yote yapo. Dai la tatu ndilo lililonitia wasiwasi. Karatasi huachana na gari la mbio upesi kuliko kitu kingine chochote. Tangu mbio za magari ya kale, East African Safari Classic, zilipoanza mwaka 2003, kila 240Z yenye usukani wa kulia hutafutiwa hadithi, na hadithi hupandisha bei. Kwa hiyo bahasha ya makaratasi niliiweka kando, nikaanza na bati.

Gari la mbio lina vitambulisho vinne: bodi, injini, namba ya usajili, na jina lake kwenye orodha ya washiriki. Kila kimoja kinaweza kwenda zake. Timu za viwanda zilikuwa na mazoea ya kuhamisha namba za usajili: bodi ikipondeka, bodi mpya hupewa namba na karatasi za ile ya zamani. Bodi iliyopondeka nayo haitupwi. Fundi huinyoosha, anaitafutia injini, inarudi barabarani. Miaka 40 baadaye unakuta magari mawili yanadai kuwa gari moja, na kila mwenye gari anasema kweli nusu. Mimi hufuata bodi. Vingine vitatu navitumia kuihoji.

Namba ya chasisi ya 240Z imegongwa kwenye ukuta wa bati kati ya injini na chumba cha dereva. Za usukani wa kulia zenye injini ya lita 2.4 huanza na HS30. Zilizokwenda Marekani huanza na HLS30. Ukiona HLS30 kwenye gari la usukani wa kulia, uliza usukani ulihamishwa lini na nani. Rangi juu ya namba usiitoe kwa grainda hata siku moja. Diski ikigusa mara moja tu inaacha mikwaruzo ileile inayoachwa na mtu aliyefuta namba, na hapo umejiharibia ushahidi mwenyewe. Mimi hutumia dawa ya kutoa rangi kwa brashi ndogo, nasubiri dakika kumi, nakwangua kwa kijiti cha plastiki, kisha nafuta kwa thina. Baada ya hapo naweka karatasi nyembamba juu ya namba na kusugua kwa ubavu wa penseli ya 2B. Penseli huonyesha kile ambacho kamera haikioni: tarakimu iliyozama kuliko wenzake, mstari uliopinda, kivuli cha namba ya zamani chini ya mpya.

Usiishie kwenye namba. Pitisha sumaku ndogo kuizunguka kwa upana wa kiganja. Inapoacha kushika, chini yake kuna puti. Halafu mulika tochi kwa ubavu na utafute mstari wa kuchomelea wa mstatili, kwa sababu njia ya kawaida ya kughushi ni kukata kipande chenye namba kutoka gari lililooza na kukichomelea kwenye bodi nzima. Kwa ndani, chini ya dashibodi, mchomo huo ni mgumu kuficha, maana hapo fundi hana nafasi ya kupiga msasa. Kwenye gari hili ukuta ulikuwa safi pande zote mbili.

Injini ilinichukua robo saa. Kwenye L24, injini ya awali ya 240Z, namba imegongwa kwenye bloku, upande wa plagi, juu kuelekea nyuma. Niliyoikuta ni L28, ndugu yake wa lita 2.8. Watu hukata tamaa wakiona hivyo, lakini hapa kwetu ni jambo la kutarajia: Nissan Patrol za miaka ya 1980 zilikuja na L28 na inakaa mahali pa L24 bila ugomvi mkubwa. Cha muhimu ni bamba dogo la kiwanda kwenye chumba cha injini, ambalo lina namba ya gari na namba ya injini ya awali. Namba hiyo ya injini niliinakili. Ndiyo ungetarajia kuikuta kwenye logibuku ya zamani.

Rangi ndiyo iliyosema zaidi. Datsun za kiwanda za miaka hiyo zinajulikana kwa wekundu na boneti nyeusi, kwa hiyo kila anayetaka kughushi hununua kopo la nyekundu na kopo la nyeusi. Wekundu peke yake hauna uzito wowote. Nilichagua sehemu sita: chini ya bamba la kiwanda, nyuma ya kava ya mlango, chini ya dashibodi, ndani ya kifuniko cha tangi, ukingo wa mlango wa nyuma, na madigadi ya mbele kushoto. Kila sehemu nilisugua duara la ukubwa wa sarafu kwa msasa wa maji, namba 400, kisha 800, nikamaliza kwa 1200. Ukisugua kwa mteremko, tabaka za rangi hutokea kama pete za shina la mti, ya zamani katikati na mpya nje. Piga picha pete zikiwa zimelowa, na rula pembeni. Zikikauka rangi hufifia na picha haitakufaa kitu.

Pete zilisema hivi: rangi ya kiwandani ni njano. Juu yake kuna njano ya pili isiyofanana sawasawa na ya kwanza. Nyekundu imekuja mwisho, tena kwenye madigadi imelala moja kwa moja juu ya puti. Chini ya dashibodi hakuna nyekundu hata tone. Gari lililopakwa nyekundu kwa ajili ya timu lisingekuwa na wekundu unaoanzia juu ya tabaka mbili za njano na puti ya ajali. Dai la kwanza likaanza kuyumba.

Lakini gari lilikuwa limekimbia mahali fulani, hilo sikulitilia shaka baada ya kutoa mazulia. Matundu ya bolti za keji, ile fremu ya vyuma inayokinga watu gari likipinduka, yalikuwepo, yamezibwa, na chini yake vibati vya kuongezea nguvu. Kwenye dashibodi upande wa navigeta, msaidizi anayemwongoza dereva njia, kulikuwa na matundu manne madogo ya kufungia mita ya masafa ya Halda, na chini yake tundu la waya wake unaotoka kwenye giaboksi. Ndani ya sanduku la bati chini ya mlango nilichomoa kwa waya karibu nusu kikombe cha udongo mwekundu mkavu. Udongo huo hauthibitishi mbio, kwa kuwa hata gari la mkulima wa kahawa lingeukusanya. Matundu ya Halda ndiyo mkulima hana haja nayo.

Karatasi sasa. Logibuku ilikuwa nakala iliyotolewa 1981 badala ya iliyopotea, na nakala ya aina hii huanza hesabu upya: wamiliki wa kabla hawamo, na namba ya injini ni ile iliyokuwemo siku hiyo. Hapa kuna mtego unaowanasa hata wazoefu. Gari la kigeni liliingia nchini kwa kibali cha muda cha forodha likiwa na namba za kwao. Likiuzwa hapa baada ya mbio, ushuru hulipwa ndipo linapata namba ya Kenya. Kwa hiyo namba ya usajili iliyo changa kuliko mbio haimaanishi uongo. Namba iliyotangulia mbio ndiyo inayosema jambo: gari lilikuwa tayari la mwenyeji. Hili lilikuwa na namba ya Kenya ya mfululizo wa zamani, kabla ya KAA ya 1989, na herufi zake zilitangulia mbio za 1973.

Nilikwenda maktaba ya McMillan, Nairobi, na Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue. Kwa kuwa mbio ziliendeshwa wakati wa Pasaka, anza na kalenda: Pasaka ya 1971 ilikuwa Aprili 11, ya 1972 Aprili 2, ya 1973 Aprili 22, ya 1974 Aprili 14. Omba magazeti ya siku kumi kabla na wiki moja baada. Kabla utapata orodha ya waliojiandikisha, baada utapata matokeo na picha. Orodha hizi mbili hazifanani kamwe. Wapo waliolipa ada na hawakuanza, wapo waliobadilisha gari siku ya mwisho, na majina huandikwa kwa tahajia mbili katika ukurasa mmoja. Nakili namba ya mbio iliyo mlangoni, majina ya dereva na navigeta, na aina ya gari kila mara, hata kama unadhani umeshakariri. Hifadhidata ya eWRC, ya matokeo ya mbio mtandaoni, inasaidia kukupa mahali pa kuanzia. Mimi huichukulia kama fununu mpaka nione gazeti.

Matokeo makubwa yajue kichwani, yatakuokolea siku. Ya 1971 ilishindwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller kwa 240Z namba 11, na gari hilo liko Japani kwenye mkusanyiko wa Nissan huko Zama. Anayekuuzia gari hilo Nakuru, mpe chai umuage. Ya 1973 ni ya Shekhar Mehta na Lofty Drews, nao pia kwa 240Z, baada ya kulingana kwa pointi za adhabu na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun 1800 SSS.

Picha za magazeti zina kosa moja linalorudiwa: negativu huchapwa kinyume. Kwenye 240Z kifuniko cha tangi kiko ubavu wa kulia, nyuma. Ukikiona kushoto, picha imegeuzwa, na kila mbonyeo na taa unayoilinganisha iko upande usio wake. Kupima nako kuna rula ya bure: umbali kati ya ekseli za 240Z ni milimita 2,305. Nilipata picha moja ya ubavu, ya 1974, gari la rangi nyepesi lenye boneti nyeusi. Kwenye nakala yangu umbali wa ekseli ulikuwa milimita 118, kwa hiyo kila milimita ya picha ni kama 19.5 za gari. Taa ndogo juu ya madigadi, zile za kumulika kingo za barabara kwenye ukungu, zilikaa mahali palepale ambapo chini ya puti nilikuta matundu mawili yaliyozibwa. Tofauti haikufika sentimita mbili. Njia hii inafaa kwa picha ya ubavu kabisa tu. Gari likiwa limeinama kwenye kona, weka rula mfukoni. Namba ya usajili ilisomeka nusu: herufi zote tatu na tarakimu ya mwisho. Zililingana na logibuku.

Mashahidi niliwaacha mwisho kwa makusudi, nisije nikawalisha maneno. Sheria yangu ni kuuliza swali lisilo na jibu ndani yake. "Lilikuwa la njano, sivyo?" ni swali lililokwisha haribika. Kwa fundi mmoja mstaafu wa bodi, aliyefanya kazi miaka hiyo upande wa Kirinyaga Road, nilipeleka picha sita za 240Z mbalimbali.

"Mzee, katika hizi kuna iliyopita mikononi mwako?"

"Sura zote ni moja, kijana. Nionyeshe nyuma."

Nikampa ya mlango wa nyuma. Akaweka kidole chini ya kioo, kushoto.

"Hapa tulifunga vishikio viwili. Wakikwama, navigeta anapanda nyuma anaruka-ruka tairi zishike. Cha kushoto kiling'oka na bati. Nikatia kiraka, na kilikuwa kiraka kibaya, nilikuwa na haraka."

Hakuweza kuchagua gari, na ningemshuku kama angeweza. Nilirudi kwenye gari, nikatoa kava ya ndani ya mlango wa nyuma. Kiraka kilikuwepo, sentimita 6 kwa 9, kimechomelewa kwa gesi, na upande mmoja mchomo umetoboa bati. Kutoka nje hakionekani, kimezikwa na puti na nyekundu. Hakuna mtu angejua kukitaja bila kukiweka.

Mwenye gari alitaka kujua kama pasipoti ya magari ya kale ya FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, ingemaliza ubishi. Haimalizi. Pasipoti ile inasema vipuri na matengenezo yanafuata kanuni za kipindi fulani ili gari liruhusiwe kushindana. Gari lililojengwa mwaka jana kwenye bodi ya kawaida linaweza kuipata. Ukiwa na Peugeot, afadhali uandikie kituo cha nyaraka za kampuni hiyo Hérimoncourt, Ufaransa, upate tarehe ya kutengenezwa. Ukiwa na Ford Escort ya Uingereza, soma herufi za chasisi: BB ni kiwanda cha Halewood, BF ni cha Aveley zilikojengwa RS, zile za spidi, AT ni bodi ya milango miwili, na inayofuata ni mwaka, L ikiwa 1971, M 1972, N 1973. Escort inayodaiwa kukimbia 1972 ikiwa na N imejijibu yenyewe.

Kwenye ripoti niligawa kila sentensi katika makundi matatu: nimeona, nimesoma, nimeambiwa. Bodi ni HS30 isiyochezewa. Ilitoka kiwandani ikiwa njano. Ilikuwa na usajili wa Kenya kabla ya mbio inazodaiwa kukimbia. Ilishiriki 1974 mikononi mwa mshiriki binafsi, kwa ushahidi wa picha, matundu ya taa na kiraka. Ushiriki wa 1973 haukuonekana popote, wala uhusiano wowote na timu ya kiwanda. Kati ya 1977 na nakala ya logibuku ya 1981 hakuna karatasi wala shahidi, na miaka hiyo niliiachia mstari mtupu kwenye jedwali. Mwenye gari aliomba niandike hapo "liliegeshwa". Mstari ulibaki mtupu. Injini ya L24 bado tunaitafuta kwa namba iliyo kwenye bamba.