Sahani ya 350 kule Langoni

Miezi minne niliyokaa Lamu nilipika mara moja tu. Nilikuwa nimepata kazi ya kubadilisha nyaya za umeme katika nyumba ya mawe mtaa wa Mkomani, kuanzia Mei hadi mwisho wa Agosti, na chumba nilichopanga mtaa wa pili, Langoni, hakikuwa na jiko wala pa kuliweka. Mwenye kazi alinipa shilingi 800 za kula kila siku. Asubuhi haikunisumbua: mahamri, mbaazi za nazi na chai, 120 imetosha. Cha mchana ndicho kilichonipa mawazo, kwa sababu anayeshinda juu ya ngazi akitoboa ukuta wa matumbawe hawezi kufika magharibi kwa andazi.

Wiki ya kwanza niliumia. Niliingia hoteli moja ya ukingoni mwa bahari, kwenye menyu pameandikwa "samaki wa leo" bila bei, na mimi sikuuliza. Akaletwa samaki mwembamba, mchuzi wa rangi nzuri, na hesabu ya 1,100. Bei peke yake ningeimeza. Kilichoniuma ni ule mchuzi: ulipopoa ulifanya utando juu kama uji wa unga. Hilo si tui. Mtu ameongeza unga ili uonekane mzito, kisha akanitoza bei ya nazi.

Siku ya tatu baada ya hapo, saa nne asubuhi, napita Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kwenda kununua swichi, nikasikia nazi inakunwa. Si mara moja, ni mfululizo, mbuzi na kifuu, krrr krrr, kutoka uchochoroni. Nikachungulia. Hoteli ndogo, meza sita, ubao wa chaki mlangoni, na msichana ameketi juu ya mbuzi na beseni la machicha ubavuni. Nikajiambia, hapa nitarudi saa saba.

Nikarudi.

"Asalaam aleikum, mama."

"Waaleikum salaam. Ndoo ukae, baba."

"Kuna samaki gani?"

"Yeo kuna kolekole na tafi. Changu wamekwisha. Kolekole wa kupaka na wali 350, tafi 300."

Sikuwa nimeuliza bei wala habari za changu. Alinitajia vyote kabla sijavuta kiti, na tangu siku ile nimekuwa nikiupima mkahawa wowote kwa dakika hiyo ya kwanza kabla sijaonja kitu.

Ilichukua dakika arobaini, maana samaki alichomwa nilipoagiza. Kutoka nilipoketi niliona jiko. Kolekole aliwekwa juu ya makaa akaiva nusu, ndipo mama akachukua kasimile, lile tui la kwanza lililokamuliwa kwa kifumbu bila maji mengi, lililokwisha kuchemshwa na ukwaju, kitunguu saumu, manjano na pilipili mbichi. Akampaka upande mmoja, akamgeuza, akampaka tena, na kila tone lililoangukia makaa lilipandisha moshi wa harufu tamu. Samaki alipofika mezani tui lilikuwa limemshika, na kwenye ukingo wa sahani mafuta ya nazi yalikuwa yanajitenga yenyewe. Wali nao punje zilikuwa zinang'aa. Kando palikuwa na kachumbari, kipande cha ndimu na ndizi mbivu. Nilikula hadi mfupa, na saa kumi na mbili jioni nilikuwa bado nimeshiba.

Hata hivyo nilitaka kujua kama 350 ni halali au ni mimi tu niliyefurahi. Jumapili moja jirani yangu akaniazima jiko lake. Nikaenda sokoni pale ubavuni mwa Ngome: nusu kilo ya kolekole 250, nazi mbili 80, robo kilo ya mchele 40, nyanya, vitunguu, ndimu na pilipili 50, makaa 50. Jumla 470, na saa mbili na nusu za kazi. Ni kweli samaki alikuwa mkubwa kuliko wa hotelini, lakini sikuwa na friji, na kipande kilichobaki nilimpa jirani. Kwa mtu wa peke yake hesabu ilikuwa imejibu. Tangu hapo sikubishana na ile 350.

Kasoro zipo na nitazisema. Juisi ya ukwaju waliitia sukari hadi ukwaju ukapotea, nikaiacha nikawa nakunywa maji ya ndimu. Ukichelewa hadi saa saba na nusu, meza zote zimejaa wabeba mizigo na mabaharia, unakula umesimama. Ijumaa wanafunga mapema kwa ajili ya sala, kwa hiyo Ijumaa nilikula viazi karai njiani.

Katikati ya Juni nikakuta ubaoni kolekole ni 450. Moyo uliniruka. Nikawaza, ndiyo hivyo, wameniona mgeni anarudi kila siku. Nikamuuliza mama kwa adabu, na yeye hakukasirika.

"Ni upepo huu wa kusi, fundi. Bahari imechafuka, madau hayatoki nde. Samaki mwenyewe nanunua kwa kugombania. Mtuzi wa maharage na wali ni ule ule, 150, sijaugusa."

Nilikwenda sokoni kuhakikisha. Kolekole nusu kilo ilikuwa 350, na meza za wauza samaki nyingi zilikuwa tupu. Mchele pia huvushwa kutoka Mokowe, ng'ambo ya bara, kwa mashua, kisha hupanda mgongo wa punda hadi mlangoni, na bahari ikiwa mbaya kila mkono unaoshika gunia unataka chake. Kwa hiyo mama alikuwa ameongeza shilingi mia ile ile aliyoongezewa yeye, na sahani ya maskini akaiacha mahali pake. Nikawa nakula maharage siku tatu za wiki, samaki mbili, na 800 yangu ikatosha na chenji.

Wiki ya mwisho ya Agosti upepo ulianza kulegea. Jumatano, siku mbili kabla sijafunga vifaa vyangu, nilifika mapema nikamkuta mama amesimama mbele ya ubao na kitambaa chenye maji, anafuta 450.

"Madau yametoka usiku," akasema bila kugeuka. "Yeo kuna changu."

Akaandika 350, akapangusa chaki kwenye leso, akaniuliza kama nataka wa kupaka au wa kukaanga.