Mauzo ya saa nane usiku

Ninaongoza timu ya watu watano hapa Dar es Salaam. Tunahamishia kwenye wingu, yaani seva za kukodi mtandaoni, data za mauzo ya vituo vya mafuta, vile vinavyokesha. Zinahifadhiwa Cape Town, kwenye vituo vya AWS, huduma ya wingu ya Amazon, vilivyofunguliwa mwaka 2020.

Mwezi wa tatu wa kazi, mhasibu alinipigia. Mama mtu mzima, miaka yote anaandika kwa kalamu. "Mwanangu, mauzo yako ya tarehe mosi hayalingani na daftari langu."

Siku mbili tulikagua kila hatua. Hakuna muamala uliopotea. Mdogo wetu kuliko wote ndiye aliyeona: risiti ya saa 8:10 usiku, tarehe 1, kwenye jedwali ilisomeka 23:10, yaani saa 5:10 usiku, tarehe 31. Seva zinahesabu kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia. Sisi tuko saa tatu mbele. Kwa hiyo kila lita iliyouzwa kati ya saa sita na saa tisa usiku ilihesabiwa kuwa ya siku iliyotangulia.

Mmoja alishauri turekebishe ripoti kimyakimya. Nilikataa. Yule mama alikesha akijilaumu kwamba amekosea kujumlisha! Nilimfuata ofisini, nikamwonyesha risiti ile na mstari ule.

UTC tumeiacha kwenye hifadhi, ndiyo sahihi. Tunaigeuza kuwa saa za kwetu kabla ya kujumlisha siku. Tumeongeza pia jaribio lenye muamala wa saa nane usiku. Ukiangukia siku iliyotangulia, msimbo mpya wa programu hauwekwi kwenye seva. Wiki hii tunarudia ripoti za miezi yote mitatu, naye anakagua kila ukurasa kwa daftari lake.