Vibanda Ndani ya Nyumba: Tafakari ya Juma la Shukrani

Masomo: Mambo ya Walawi 23:39–43, Nehemia 8:13–18

Wapendwa katika Bwana, Alhamisi hii, Alhamisi ya nne ya Novemba, Marekani itaadhimisha Siku ya Shukrani, na katika nyumba nyingi za sisi tunaoabudu kwa Kiswahili huku Kentucky, Iowa, Texas na kwingineko, swali limekwisha kuulizwa jikoni: tupike bata mzinga kama watoto wanavyotaka, au sombe (majani ya muhogo) na bugali kama tulivyozoea? Mama akikubali la watoto, yampasa aanze mapema, maana bata mzinga wa kilo saba aliyegandishwa huhitaji siku tatu au nne za kuyeyuka jokofuni kabla hajaingia tangawizi na kitunguu saumu. Hata hivyo, jambo la chakula humalizwa kwa kupika vyote viwili. Lililo gumu zaidi ni kujua tutawaambia nini watoto wakati wanakula.

Bwana alipowaagiza Waisraeli Sikukuu ya Vibanda, aliiweka siku ya kumi na tano ya mwezi wa saba, mazao yakiwa yamekwisha kukusanywa, na akaamuru ifanyike kwa furaha muda wa siku saba. Katika siku hizo za shibe, ambazo kila mtu angependa kukaa nyumbani kwake na kufurahia ghala lake, aliwatoa nje wakae katika vibanda vya matawi, na sababu yake akaitaja wazi: vizazi vyao vijue ya kuwa aliwakalisha wana wa Israeli katika vibanda alipowatoa katika nchi ya Misri. Agizo hili liliwalenga hasa wale ambao hawakuwahi kulala jangwani. Mzee aliyeokota mana hakuhitaji kukumbushwa. Aliyehitaji ni mjukuu wake aliyezaliwa chini ya paa imara, ambaye angeweza kudhani kwamba mkate daima ulitoka shambani mwa baba.

Wengi katika ushirika wetu walipita Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mkoani Kigoma mwaka 1996 kwa ajili ya waliokimbia vita vya Kongo, na baadhi yao walikaa humo miaka mingi kiasi cha kuoa, kuzaa na kuzika. Watoto wao waliokulia huku hawajui turubai linavyopiga kelele usiku wa mvua, wala hawajui siku ya posho, mama akiwa amesimama kwenye foleni tangu alfajiri na kadi yake mkononi, akisubiri kupimiwa unga, maharage na mafuta ya mwezi. Wazazi hawawasimulii. Wengine hunyamaza kwa sababu ya uchungu, na hao wasilazimishwe, kwa maana yapo mambo ya safari ile ambayo hayafai kusemwa mbele ya mtoto wa miaka saba. Lakini wengine, na nadhani ndio walio wengi, hunyamaza kwa kuona haya, kana kwamba kulala hemani ni aibu ya ukoo, ilhali Mungu mwenyewe aliyafanya mahema ya watu wake kuwa kiini cha sikukuu.

Kitabu cha Nehemia kinatuonyesha watu waliokuwa katika hali iliyo karibu sana na yetu. Walikuwa wamerudi kutoka uhamishoni, na siku moja wakuu wa mbari, pamoja na makuhani na Walawi, walipokuwa wakijifunza torati kwa Ezra, walikuta humo agizo la vibanda. Wakapanda milimani kukata matawi ya mizeituni, mihadasi na mitende, kila mmoja akajenga kibanda juu ya dari ya nyumba yake au uani pake, na Maandiko yanasema kwamba tangu siku za Yoshua mwana wa Nuni wana wa Israeli hawakuwa wamefanya hivyo. Furaha yao ilikuwa kubwa sana. Kwa watoto wa mwaka ule, desturi iliyo ya zamani kuliko zote ilikuwa jambo jipya kabisa.

Kuhusu desturi zilizo mpya kwetu, sioni sababu ya kuziogopa kwa upya wake peke yake. Yohana 10:22 inatuambia kwamba Bwana Yesu alikuwa hekaluni wakati wa Sikukuu ya Kutabaruku, na sikukuu hiyo haimo katika torati ya Musa, kwa kuwa ilianzishwa baada ya hekalu kutakaswa mwaka 164 kabla ya Kristo. (Usiku wa vinyago na peremende wa tarehe 31 Oktoba ni suala jingine, wazazi wa ushirika huu hawana msimamo mmoja, nao umekwisha kupita.) Siku ya Shukrani basi tuipokee, ila watoto waambiwe habari yake kwa ukweli. Karamu ya Plymouth, Massachusetts, ya mwaka 1621, ambayo wengi huihesabu kuwa chanzo cha siku hii, ilifanywa na wahamiaji kutoka Uingereza ambao takriban nusu ya wenzao walikuwa wamekufa katika majira ya baridi yaliyotangulia, na Wawampanoag, wenyeji wa nchi ile, walifika karibu watu tisini pamoja na Massasoit kiongozi wao, wakaleta kulungu watano. Baadaye wenyeji hao walinyang'anywa ardhi, na tangu mwaka 1970 baadhi ya wazawa wa Marekani hukusanyika Plymouth siku hiyohiyo kuomboleza. Rais Lincoln naye alitangaza siku ya shukrani ya taifa mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea. Watu waliopoteza nchi na ndugu wanaweza kuielewa historia hii kuliko wengi waliozaliwa nayo.

Wale waliotoka Tanzania wameomba pia turudishe mnada wa Jumapili ya mavuno, nami naunga mkono. Mnaukumbuka: baada ya ibada, kuku aliyefungwa miguu, mkungu wa ndizi na debe la mahindi vinatolewa nje, mzee wa kanisa anapaza sauti kutaja bei, na aliyemnunua kuku anamrudisha mezani auzwe tena, hadi kuku mmoja amelipiwa mara tatu na mwisho anakwenda kwa mjane. Kuku hai hatutaweza huku, lakini maboga, mikate na mitungi ya achari vitatosha, nasi tutaufanya Jumapili baada ya ibada.

Najua kwamba baadhi yenu mmepangiwa zamu Alhamisi hiyo, hasa mnaofanya kazi katika maghala na viwanda vya nyama. Msihuzunike. Katika Hesabu 9, watu walioshindwa kuila Pasaka kwa siku yake, wakiwemo waliokuwa safarini mbali, walipewa na Bwana siku ya kumi na nne ya mwezi wa pili, nao hawakuhesabiwa hatia. Familia ikiketi Jumamosi usiku, imeketi. Mtoto mdogo kuliko wote aulize, "Tulifikaje hapa?" na aliye mkubwa ajibu kwa kadiri awezavyo, hata kama ni kuhusu hema na foleni tu.

Katika Kumbukumbu la Torati 16:14, wanaotajwa kufurahia Sikukuu ya Vibanda pamoja na mwana na binti ni mtumishi, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Wazee wa kanisa wanazo habari za familia zilizofika tangu Agosti na ambazo bado hazina gari. Mwenye nafasi ya viti viwili garini mwake, na sahani mbili mezani pake, awaone kabla ya Jumatano jioni.